Ulikuwa hodari wa skii, sasa ubao unakupiga ngwala: tafuta chanzo kwa namna ulivyoanguka

Niliteleza kwa skii miaka saba kabla sijapanda ubao wa snoubodi, ule mmoja unaofungwa miguu yote miwili juu yake, ubavu ukitangulia. Nilijifunza ukubwani, hapa Oslo, kwa sababu shule ya mwanangu ina siku ya skii kila majira ya baridi, na nilichoka kuwa mama wa Tanga anayebaki chini ya mlima ameshika chupa ya chai. Miaka saba inatosha kumpa mtu kiburi. Njia za buluu, zilizo rahisi kiasi, nilizishuka huku naongea; nyekundu, zilizo ngumu zaidi, nilizishuka kimya, lakini nilizishuka. Basi nilipokodi ubao wa snoubodi mara ya kwanza nilidhani nabadilisha chombo tu, kama anayetoka kwenye baiskeli kupanda pikipiki. Saa moja baadaye nilikuwa nimekaa katikati ya njia ya kijani, ile ya watoto wa chekechea, theluji imeniingia hadi mgongoni, na sikujua hata kilichoniangusha.

Kama uko hapo sasa, soma. Ninazungumza na mtu wa skii za mlimani, siyo zile nyembamba za kukatiza msituni. Mtu asiyejua lolote ana matatizo yake. Wewe yako ni tofauti: makosa yako mengi hayatokani na kutojua. Ni ujuzi wa skii unaofanya kazi yake vizuri kabisa mahali pasipo pake. Mwili unakumbuka dawa ya ugonjwa mwingine.

Maneno mawili kabla hatujaingia. Ubao una makali ya chuma pande mbili ndefu: makali ya vidole na makali ya visigino. Na mguu wa mbele ni ule unaotangulia kushuka, uwe wa kushoto au wa kulia.

Uliangukia upande wa mlima au upande wa bonde?

Usijiulize "nimekosea wapi". Huwezi kujua, imetokea haraka mno. Jiulize uliangukia wapi, maana hilo mwili wako unalijua vizuri.

Kama ulikaa chini taratibu, makalio yakagusa theluji upande wa juu na ubao ukabaki umekwama mbele yako, hukuanguka, umeketi. Chanzo ni woga wa mteremko. Umeuegemea mlima, ubao ukasimama mno juu ya makali ya visigino, ukagoma kusogea, nawe ukaendelea kurudi nyuma. Hili ni anguko la bei nafuu. Kunja magoti, nyoosha kifua, kisha uulaze ubao kidogo kidogo kwa kushusha vidole vya miguu, kama unavyoachia breki ya baiskeli kwenye kilima, mpaka uanze kuteremka kiubavu. Makali yaparaze theluji, yasiichimbe. Masikio yatakusaidia: mparazo wa sawasawa ni mzuri, mkwaruzo wa kukatikakatika unamaanisha unabana na kuachia.

Kama ulipigwa ngwala, yaani ulikuwa sawa, ukafurahi, na mara uko chini upande wa bonde bila kuona safari ya kufika pale, basi makali ya upande wa chini yameshika theluji. Hili ndilo linalowarudisha watu wa skii dukani na ubao wao kabla ya saa sita mchana.

Fikiria ulichozoea. Kwenye skii una makali manne. Ukikosea kwa skii moja, nyingine inakubeba, unayumba, unapata aibu ya sekunde mbili, unaendelea. Na ukitaka kupumzika, unazilaza skii bapa na kuziachia ziende. Ubao hauna wa kukubeba. Ukiwa unateremka kiubavu ukaulaza bapa "upumzike", makali ya chini yanakutana na theluji, ubao unasimama papo hapo na wewe unaendelea na safari.

Sheria ni moja: ukiwa kiubavu, makali ya upande wa mlima ndiyo yanayofanya kazi, na ya upande wa bonde yawe hewani, hata kwa upana wa kidole. Zoezi lake ni la jani la mwembe. Simama kwa makali ya visigino ukitazama bonde, teleza kuelekea kushoto, simama, teleza kulia, simama, hivyo hivyo hadi chini, bila kugeuza ubao hata mara moja. Kisha rudia kwa makali ya vidole, uso ukielekea mlima. Linachosha na halina heshima. Mimi lilinichukua asubuhi nzima, na siku zote nilizojaribu kuliruka nililipia.

Jioni soma michubuko yako. Magoti na viganja vikiuma, makali ya vidole ndiyo yaliyokushika ulipokuwa unatazama bonde. Kifandugu na kisogo vikiuma, makali ya visigino yamekushika ulipokuwa umelipa bonde mgongo. Huo wa pili ndio mbaya, kwa sababu kichwa kinakuja mwisho na kwa kasi. Helmeti haina mjadala, hata kama kwenye skii ulikuwa unavaa kofia ya sufu.

Unainama mbele kama ulivyofundishwa, na mambo yanazidi kuharibika

Hapa ndipo nilipopotea muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mwalimu wa skii duniani husema: njoo mbele, bonyeza muundi kwenye ulimi wa kiatu. Ukiogopa, njoo mbele. Kasi ikizidi, njoo mbele. Baada ya miaka kadhaa jambo hili linaingia kwenye damu, huwazi tena. Kwenye skii vidole vyako vinaelekea unakokwenda, kwa hiyo "mbele" ni moja tu.

Kwenye ubao ziko mbili. Iko mbele ya safari, yaani kuelekea pua ya ubao, ambayo kwako sasa ni ubavuni. Na iko mbele ya mwili wako, kuelekea vidole. Ukibonyeza muundi kwenye kiatu hapa, hupeleki uzito kwenye pua ya ubao. Unauinamisha ubao upande wa vidole.

Sasa tazama kinachotokea. Unateremka kwa makali ya visigino, unatazama bonde, kasi inapanda, unaogopa. Mwili unaitika kwa uaminifu: njoo mbele! Miundi inabonyea, makali ya visigino yanaachia, ya vidole yanashuka, ngwala. Uliangushwa na dawa.

Kwa hiyo "mbele" ipe jina jipya. Mimi niliita "kwa goti la kushoto", maana mguu wangu wa mbele ni wa kushoto. Ninapotaka ujasiri, nauhamishia uzito kwenye goti la kushoto, nyonga inasogea kiubavu kuelekea pua ya ubao, na vidole vinatulia. Simama jikoni uone tofauti: tanua miguu usawa wa mabega, sogeza nyonga kuelekea mguu mmoja bila kuinamia dole gumba. Ukisikia vidole vinang'ang'ania sakafu, umefanya ile ya skii.

Habari njema ni kwamba kile kibonyezo cha muundi hakijapotea bure. Kinarudi kazini tutakapofika kwenye makali ya vidole.

Ubao hauzunguki, mpaka uupige teke kwa mguu wa nyuma

Dalili: unaingia kona, hakuna kinachotokea, unavuta mguu wa nyuma kwa nguvu, mkia wa ubao unafagia theluji kama ufagio wa chelewa, unasimama. Paja la nyuma linawaka moto baada ya mizunguko mitatu.

Chanzo cha kwanza ni uzito kubaki nyuma. Kwa watu wa pwani nasema hivi: usukani wa jahazi uko tezi, wa ubao uko omo. Ubao unaongozwa na mguu unaotangulia, na mkia unafuata wenyewe ukiachwa. Kabla ya kugeuka, zaidi ya nusu ya uzito iwe kwenye mguu wa mbele. Ni kinyume kabisa na kinachotakiwa na moyo, kwa sababu moyo unataka kukaa mbali na bonde.

Chanzo cha pili ni cha kwako peke yako, mtu wa skii. Ulifundishwa kutulia kiwiliwili kikitazama bonde huku miguu ikigeuka chini yake. Hiyo ndiyo alama ya mtelezaji mzuri, na ilikugharimu kuipata. Juu ya ubao ukikitazamisha kifua bondeni muda wote, mabega yanavuta huku na miguu huku, mwili unajisokota kama nguo inayokamuliwa, na njia pekee ya kujisokotoa ni teke. Mabega yafuate mstari wa ubao. Bega la mbele lielekee puani, la nyuma mkiani, kichwa tu ndicho kigeuke kutazama njia.

Zoezi nililopewa: nyoosha mkono wa mbele, onyesha kwa kidole unakotaka kwenda, macho yafuate kidole, kisha subiri. Hilo la kusubiri ndilo gumu. Skii mbili zinageuka haraka. Ubao una kitambo ambapo pua inaelekea bonde moja kwa moja, kasi inapanda, na hakuna cha kufanya ila kuvumilia sekunde moja mpaka uingie kwenye makali mapya. Ukiogopa katikati ya sekunde hiyo unarudi kwenye teke.

Na usitazame miguu. Mwanangu, ambaye kwenye ubao ni hodari kuliko atakavyowahi kukiri mbele yangu, alikuwa anashuka nyuma yangu akiimba kila baada ya mita kumi: "Mama, unautazama ubao tena." Nilimwambia anyamaze. Kisha niliinua macho hadi kwenye mti wa mwisho wa njia, na kona ikaja yenyewe. Ubao huenda yaliko macho, na macho yangu yalikuwa chini.

Upande wa visigino unauweza, wa vidole huwezi kabisa

Karibu kila mtu wa skii hukwama hapa, na sababu si fumbo: miaka yote hujawahi kulipa bonde mgongo. Unashuka pasipoonekana. Basi unainama kiunoni utazame theluji ya mbele ya pua yako, makalio yanatoka nje upande wa bonde, uzito unahama kutoka kwenye vidole, makali ya visigino yanashuka. Kisogo.

Hapa sasa ita ule ujuzi wa zamani. Bonyeza miundi kwenye ndimi za viatu, miguu yote miwili kwa pamoja, kama unavyofanya kwenye skii. Sukuma nyonga mbele kuelekea mlima, tumbo litangulie, mgongo uwe wima. Magoti yakunjike mpaka yakaribie theluji. Ukifanya vizuri utashangaa jinsi panavyotulia, maana kifundo cha mguu kina nguvu kwa upande huo. Wengi, mimi nikiwemo, huishia kuupenda upande wa vidole kuliko ule wa visigino.

Upande wa visigino nao una kosa lake dogo: ubao kutetema na kurukaruka kwenye theluji ngumu. Miguu imenyooka na umeinama kiunoni. Kaa kama aliyekaribishwa kiti akasita katikati, magoti yamekunjwa, kifua juu. Aliyewahi kusimama kiubavu ndani ya daladala bila cha kushika anajua magoti yanavyotakiwa kuwa.

Kuinuka ni rahisi zaidi kwa upande wa vidole pia. Ukishindwa kunyanyuka ukiwa umekaa, jibiringishe ulale kifudifudi, piga magoti, weka mikono chini na uinuke kama anayetoka sijda. Usipoteze nguvu kwa kujivuta kutoka kwenye makalio mara ishirini kwa siku.

Vifaa: kagua kabla hujayalaumu mashavu ya miguu yako

Mara ya kwanza duka la kukodi waliniuliza mguu gani napigia mpira. Nikasema wa kulia. Wakanifungia mguu wa kulia mbele. Nilihangaika siku mbili nikidhani mimi ndiye mzito wa kuelewa. Mguu wa mpira hauamui. Vaa soksi, kimbia kidogo kwenye sakafu laini ya nyumbani, teleza; mguu uliotangulia bila kuwaza ndio wa mbele. Kama siku nzima unajikuta unageuza ubao ili mguu mwingine utangulie, rudi dukani wakubadilishie. Ni kazi ya dakika tano na bisibisi.

Pembe za vifungio, vile vinavyoshika viatu kwenye ubao, nazo zitazame. Kwa anayeanza, nyuzi 15 kuelekea puani kwa mguu wa mbele na nyuzi kama 6 hadi 15 kuelekea upande wa pili kwa mguu wa nyuma, miguu ikae kama ya bata, inatosha. Ukikuta miguu yote miwili inaelekea puani, aliyeufunga alikuwa na nia nyingine.

Viatu vinawadanganya watu wa skii. Umezoea kiatu kigumu kama ndoo, hiki ni laini, unadhani kulegea ndiyo hali yake. Siyo. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu unapopanda juu ya vidole, kila amri unayoutumia ubao inafika imechelewa. Chukua saizi ndogo zaidi: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti vijivute nyuma. Soksi jozi moja. Kama una mguu wa 45 na kuendelea omba ubao mpana, la sivyo ncha za viatu zinakwaruza theluji kwenye kona na kukuangusha bila kosa lako. Urefu wa ubao kati ya kidevu chako na pua yako utakufaa, laini kuliko mgumu, na usinunue bado.

Lifti inakuumbua mbele ya watu

Mtu wa skii haiogopi lifti, ile inayotupandisha mlimani, na kwa hiyo anaiendea bila kufikiri. Kumbuka mambo mawili: hapa mguu wa nyuma unafunguliwa kabla ya kupanda, na vifungio vya ubao haviachii. Vya skii huachia ukianguka vibaya, kuokoa goti. Hivi haviachii. Mguu mmoja ukiwa umefungwa na mwingine uko huru, anguko la kipuuzi mlangoni mwa lifti linaweza kulinyonga goti kuliko anguko la kasi kule juu.

Kwenye lifti ya viti, ukikaribia kushuka geuka ukae upande upande ili ubao uelekee mbele moja kwa moja. Gusisha ubao chini, kanyaga kwa mguu huru katikati ya ubao ukiugusisha na kifungio cha nyuma, simama, na uache uende. Kosa la kwetu ni kugeuka mara tu tunapogusa chini, kama tulivyozoea. Usigeuke. Nenda wima kama mshale mpaka usimame wenyewe, ukitazama mbali. Mwambie mtumishi wa lifti apunguze kasi. Ndiyo kazi yake, na hakuna anayecheka ila watoto.

Norway lakini ni nchi ya lifti ya nanga. Wanaiita hivyo hivyo, nanga, kwa umbo lake: fimbo inayoning'inia yenye mikono miwili inayokuvuta huku umesimama. Kwa skii unaiweka nyuma ya makalio na kupiga soga na jirani. Kwa ubao pitisha mkono mmoja wa nanga katikati ya miguu, ukae nyuma ya paja la mbele. Usiikalie. Itavuta nguo, itabana, kaza roho. Ubao uwe bapa, pua itazame juu, uzito kwenye mguu wa mbele, mguu wa nyuma ulale juu ya ubao bila kuamua lolote. Ukianza kwenda upande, ni kwa sababu umeegemea makali. Lainisha vifundo vya miguu na utazame juu ya mlima. Ukianguka, achia na uondoke njiani kwa kujibiringisha, maana nyuma yako anakuja mwingine. Mimi niliwahi kung'ang'ania nanga nimelala kwa mita kadhaa, kwa sababu nisizoweza kuzieleza.

Kama mlima una mkanda wa zulia wa watoto, unaokupandisha ukiwa umesimama juu yake, utumie siku nzima ya kwanza. Watoto hawatakuuliza kitu.

Umekwama tambarare

Fimbo zako ziko nyumbani na wenzako wa skii wanapita wakikupungia. Ukiona njia inalala, tunza kasi mapema, acha kukata kona, ubao uwe karibu bapa huku umeegemea makali kidogo sana. Ukisimama, fungua mguu wa nyuma usukume kama mtoto wa skuta, hatua fupi, mguu karibu na ubao. Au mwombe rafiki akupe ncha ya fimbo yake akuvute. Nyumbani uangalie ramani ya mlima: njia ndefu tambarare ambazo kwa skii hukuwahi kuziona zipo, na sasa utazijua kwa majina.

Maumivu, na yanachosema

Nyayo zikiwaka kama umesimama juu ya makaa, unakunja vidole ndani ya viatu upande wa visigino, ukijaribu kuushika ubao kama kunguru anavyoshika tawi. Simama, kunjua vidole, legeza mkanda wa mbele tundu moja. Mapaja yakitetemeka, unakaa muda mrefu mno kwenye visigino. Mashavu ya miguu yakiuma ni kawaida, hayakuwa na kazi hii zamani.

Vifundo vya mikono ndivyo vya kuogopa. Mtelezaji wa skii huumia goti, au kidole gumba kwa sababu ya fimbo. Anayeanza ubao huumia kifundo cha mkono, kwa kuwa kila anapoanguka anatanguliza kiganja. Nunua kinga za vifundo, zile zenye kipande kigumu ndani, zivae chini ya glavu. Jizoeze kufunga ngumi unapoanguka. Kuelekea mbele, pokea kwa magoti na mikono yote kuanzia viwiko hadi ngumi. Kuelekea nyuma, kunja mwili ukae na kujiviringisha, kidevu kifuani. Kifundo kikivimba, au kikiuma kwenye kile kibonde kilicho chini ya kidole gumba, nenda upigwe picha hata kama unaweza kukizungusha. Kimfupa cha pale huvunjika kimya kimya.

Magotini mimi huvaa pedi za mafundi vigae, chini ya suruali. Duka la vifaa vya ujenzi huziuza kwa bei ya sahani mbili za chakula.

Ubao umekimbia peke yake

Skii ina breki zinazojifungua ukivua. Ubao hauna. Uuweke chini kifudifudi, vifungio vikiwa ndani ya theluji, kila mara, hata ukiinama kufunga kamba tu. Nimeona mmoja ukishuka peke yake hadi kwenye uzio wa mkahawa, na hakuna aliyepiga kelele kwa wakati.

Kuna mtu amekugonga, au umemgonga mtu

Aliye chini yako ana haki ya njia, hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa una mgongo. Unapogeuka kuingia upande wa visigino, kuna eneo la nyuma yako usiloliona, na mtelezaji wa skii anayekuja hapo anadhani umemwona kwa sababu yeye angekuona. Tupa jicho juu ya bega kabla ya kona hiyo. Na ukikaa kupumzika, kaa pembeni mwa njia, usikae chini ya kilima ambapo anayetoka juu hakuoni.

Siku ya pili unataka kurudisha ubao

Siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu michubuko ya jana ipo na matumaini ya jana yamekwisha. Iangalie theluji kabla hujajilaumu. Oslo ikinyesha mvua kisha baridi ikakaza, njia inakuwa kioo, na hakuna mtu anayejifunza ubao juu ya kioo. Siku hiyo baki nyumbani. Subiri theluji mpya, au nenda baada ya mashine kulainisha njia. Desemba jua huzama kama saa tisa na robo alasiri, lakini taa za mlimani huwaka, na jioni kuna nafasi. Treni namba 1 ya kupanda Frognerseteren inajaa mbao na skii zinazodondosha maji sakafuni, na hakuna anayekuuliza kiwango chako.

Huwa namkumbuka Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya wa mita 800 aliyepelekwa Finland kufundishwa skii na miaka miwili baadaye akasimama kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, katika mbio za skii za kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa hapa Norway, alikuwa amemngojea mstarini amkumbatie. Michezo hiyo hiyo ndiyo iliyoingiza snoubodi Olimpiki kwa mara ya kwanza, na nyota wa Norway, Terje Håkonsen, alikataa kwenda, kwa sababu snoubodi ilikuwa imewekwa chini ya shirikisho la skii. Uhasama wa skii na ubao una historia. Mpaka leo vituo vya skii vya Alta na Deer Valley kule Utah, Marekani, haviruhusu ubao mlimani.

Kwa wengi ninaowajua waliotoka kwenye skii, kona za kuunganisha, visigino kisha vidole kisha visigino, zilikuja siku ya tatu au ya nne. Usipande njia nyekundu kabla ya hapo kwa sababu tu kwa skii ulikuwa unaishuka. Kule juu utafika chini kwa jani la mwembe peke yake, ukinyoa theluji nzuri ya wenzako njia nzima, nao watakutazama.

Umerudi kwenye skii, na skii zimekuwa ngeni

Hili halidumu. Njia moja ya kijani inatosha, ukijikumbusha kwamba mbele iko moja tena na kwamba kifua kinaruhusiwa kutazama bonde. Mimi siku niliyorudi nilishuka vizuri kabisa hadi kwenye foleni ya lifti, nikasimama, nikainama kufungua mkanda wa mguu wa nyuma. Nilipapasa muda mrefu kidogo kabla sijakumbuka kwamba hakukuwa na mkanda.